Moshi wa Dizeli Njia ya Chwaka: Chujio Linapogeuzwa Mzigo

Kila mwezi Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar (ZURA) inapotangaza bei za mafuta, macho ya wananchi wengi huishia kwenye bei ya lita moja. Ni haki yao. Kwa mwenye gari la dizeli la kisasa, hata hivyo, gharama inayouma zaidi huenda isiwe kwenye pampu bali kwenye uvungu wa gari, ndani ya kifaa ambacho wengi hawakifahamu mpaka taa ya onyo iwake: chujio la masizi.

Magari mengi yanayoingia Unguja ni yaliyokwishatumika, hasa kutoka Japani. Huko masharti ya moshi wa dizeli yalikazwa mapema. Oktoba 2003 Tokyo na mikoa jirani ilianza kuzuia magari ya dizeli yasiyokidhi viwango vya masizi. Kwa hiyo gari linaloshushwa bandarini leo mara nyingi huja na mfumo kamili wa kusafisha moshi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 yalielekea Afrika. Mfumo umefika, ujuzi wa kuutunza haukusafiri nao.

Kazi ya chujio ni kunasa masizi kabla hayajatoka kwenye bomba la moshi. Likijaa, kompyuta ya gari huongeza joto la moshi hadi nyuzi 550 au 600 za Selsiasi ili masizi yaungue. Kazi hiyo huhitaji mwendo usiokatika kwa muda wa dakika 15 hadi 20 hivi. Hapa ndipo mkaazi wa Chwaka anapomzidi bahati mwenzake wa mjini. Anayezunguka Darajani, Mlandege na Mwanakwerekwe, akizima na kuwasha kila baada ya kilomita mbili, hulizuia chujio lisijisafishe. Anayeshika njia ya Dunga na Jendele hadi pwani ya mashariki, kiasi cha kilomita 30, hulipa nafasi hiyo bila kuvunja sheria ya mwendo. Kinachotakiwa ni injini iliyopata moto na safari isiyokatishwa. Taa ya chujio ikiwaka, kuendesha kwa utulivu mpaka izime ni nafuu kuliko kuzima gari nyumbani na kusubiri ya kesho.

Wengi hawasubiri. Chujio likiziba, gari hukosa nguvu, na ushauri unaotolewa haraka kwenye baadhi ya gereji ni kulitoboa au kulitoa kabisa, kisha kuidanganya kompyuta. Gari hupata nguvu siku hiyohiyo, na mteja hushukuru. Anayelipia ni mwingine: mwanafunzi anayesubiri daladala, muuza matunda wa kando ya njia, abiria wa gari la nyuma. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Askari wa barabarani huuona moshi mweusi mlimani. Chujio lililotobolewa halionekani kwa macho.

Tena, chujio kuziba mara nyingi ni dalili tu. Nozeli zinazovuja, turbo inayopitisha oili, chujio la hewa lililojaa vumbi na vali iliyoganda ya kurudisha moshi kwenye injini huzalisha masizi kupita kiasi. Kusafisha chujio bila kutafuta chanzo ni kuteka maji kwa pakacha.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zimefuata kiwango cha salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni katika dizeli. Uchakachuaji kwa mafuta ya taa, neno na tabia ambayo Watanzania waliizoea mno, huharibu faida hiyo, na dizeli ya dumu isiyojulikana ilikotoka ni kamari. Oili pia ichaguliwe: kwa magari madogo ya Kijapani yenye chujio, daraja la DL-1 ndilo lililokusudiwa, kwa kuwa huacha majivu kidogo. Majivu hayaungui kama masizi. Yakijaa, chujio hufunguliwa na kusafishwa kwa vifaa maalumu.

Chwaka ina adui wake wa ziada, nao ni chumvi. Gari linaloteremshwa ufukweni kupakia samaki au mwani hurudi na maji ya bahari kwenye bomba la moshi, vishikizo na nyaya za vihisio. Uvungu uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, baada ya bomba kupoa. Na kwa kuwa bomba huwa na moto mkali chujio linapojisafisha, gari lililotoka safari kama hiyo lisiegeshwe juu ya majani makavu, makumbi wala makuti.