Mbio za baiskeli: miguu au akili?

Wasomaji wangu, leo sizungumzii programu huria wala simu mpya. Leo ni baiskeli. Msiondoke lakini, kwa maana ndani yake kuna hesabu, kuna mchezo wa kuwindana, na kuna ubishi ambao umenifuata kwa majuma kadhaa hapa Mitunguu.

Ubishi wenyewe ni huu. Ukikaa kando ya barabara hapa asubuhi utaona vijana wakisukuma na kuendesha baiskeli zilizolemewa na mikungu ya ndizi. Mwenye kupita anatazama, anatikisa kichwa, anasema: huyu apewe baiskeli ya mashindano tu, Wazungu watakoma. Nimeisikia kauli hiyo kinyozini, nimeisikia kwenye matatu, nimeisoma pia mtandaoni ikiandikwa na watu waliosoma. Hoja ni kwamba nguvu tunazo, tulizaliwa nazo, tumekosa vifaa tu.

Mimi sikubaliani. Na mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini ni katika mbio zinazodhaniwa kuwa ni nguvu tupu: mbio fupi za uwanjani, zile za watu wawili kwenye duara la mbao.

Kwa asiyezijua, mambo yanaenda hivi. Uwanja una mzunguko wa mita 250, na kona zake zimeinuliwa kwa zaidi ya nyuzi 40, kama paa la nyumba. Baiskeli haina breki. Ina gia moja, na pedali hazikubali kupumzika: gurudumu likizunguka, mguu nao unazunguka. Kwanza kila mtu anakimbia peke yake mita 200 akiwa tayari na kasi, saa inapima, na wazembe wanarudi nyumbani. Baada ya hapo saa haina kazi tena. Wanapangwa wawili wawili, mizunguko mitatu, anayevuka mstari mbele ndiye mshindi hata kama wametumia dakika kumi.

Na hapo ndipo vituko vinapoanza. Watu wenye mapaja kama magogo, wanaoweza kutoa zaidi ya wati 2,000 kwa sekunde chache (hizo ni zaidi ya nguvu za farasi wawili), wanaanza kutembea. Wa mbele anageuza shingo kumchungulia wa nyuma. Anapanda juu ya kona, anashuka, anapanda tena. Wengine wanasimama kabisa, wakiyumbayumba juu ya magurudumu mawili bila kuweka mguu chini, kila mmoja akimlazimisha mwenziwe atangulie. Kwenye Olimpiki ya Tokyo ya 1964, Giovanni Pettenella wa Italia na Pierre Trentin wa Ufaransa walisimama hivyo karibu dakika 22. Mwaka 1968 huko Varese, Pettenella huyohuyo na Sergio Bianchetto walisimama saa nzima na dakika tatu. Siku hizi sheria inaruhusu sekunde 30 tu, nadhani kwa kuwahurumia watazamaji.

Kwa nini mtu mwenye nguvu za farasi wawili aogope kutangulia? Kwa sababu ya hewa.

Niliandika programu ndogo ya kuigiza mbio hizi. Toleo la kwanza lilikuwa rahisi: kila mwendeshaji ana uzito, ana nguvu, basi. Katika toleo hilo mwenye wati nyingi anashinda kila mara, na programu inachosha kuliko hotuba ya mwanasiasa. Kisha nikaweka upepo. Nguvu ya kupasua hewa haiongezeki sambamba na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi mara kasi. Ukitaka kwenda maradufu, hewa peke yake inakudai nguvu mara nane. Kwenye mahesabu yangu, mtu aliyejikunja vizuri akienda kilomita 72 kwa saa anatumia kama wati 1,050 kupigana na hewa tu. Aliyejificha nyuma ya gurudumu lake, nikimpunguzia theluthi moja, anatumia 700. (Namba hizi ni za programu yangu, si za maabara, lakini fizikia yake ni ileile ya kidato cha nne.)

Sasa sikilizeni sehemu iliyonikalisha. Kwa kuwa nguvu inapanda kwa mchemraba wa kasi, ukiwa na nguvu asilimia 10 zaidi ya mpinzani wako unapata asilimia 3 tu ya kasi. Ndani ya mita 200 hizo ni kama mita sita. Miezi mingapi ya kunyanyua vyuma unahitaji ili kuongeza asilimia 10? Wakati mwenzako anapata theluthi moja bure, kwa kukaa mahali panapofaa na kuondoka pale kwa wakati unaofaa.

Wenye mashaka wamtazame Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 2019, alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Walimpangia wakimbiaji mbele na nyuma kwa umbo maalumu ili wamkinge upepo. Na huyo alikuwa anaenda kilomita 21 kwa saa. Mwendeshaji wa uwanjani anafika zaidi ya 75.

Msinielewe vibaya. Akili bila miguu haikupeleki popote. Harrie Lavreysen wa Uholanzi alikwenda Paris mwaka 2024, akaweka rekodi ya dunia ya mita 200 kwa sekunde 9.088, kisha akaondoka na dhahabu zote tatu za mbio fupi. Mtu kama huyo huwezi kumhadaa kwa ujanja wa sokoni. Mwaka 2025 Matthew Richardson wa Uingereza alishuka chini ya sekunde 9 huko Konya, Uturuki. Watu hawa ni mitambo. David Rudisha naye London 2012 hakumwindia mtu: alikaa mbele mita 800 zote, 1:40.91, kwaheri. Ukiwa na nguvu za kiasi hicho, mbinu yako ni kutokuwa na mbinu.

Lakini akina Rudisha ni wangapi? Kwa sisi wengine kuna Jason Kenny.

Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo, uwanja wa Izu. Kenny alikuwa na miaka 33. Katika mbio za wawili wawili alishatolewa robo fainali, na aliyemtoa ni Lavreysen. Ikabaki keirini. Hii ni ile ambayo watu sita wanafuata pikipiki inayopandisha mwendo polepole, na zikibaki mita 750 pikipiki inatoka, kila mtu ajijue. Kenny alikuwa wa kwanza nyuma ya pikipiki. Hiyo ni nafasi mbaya, maana wewe ndiwe kioo cha mbele cha watu watano. Kila kitabu cha keirini kinakwambia usubiri. Nyuma yake Matthew Glaetzer wa Australia aliacha pengo dogo. Kenny akachungulia, akaliona, pikipiki ilipotoka tu akafyatuka. Mita 750! Nyuma wakaanza kutazamana: nani atamfukuza? Anayemfukuza anakata upepo kwa niaba ya wengine wanne, kisha wanampita mwishoni. Kwa hiyo kila mmoja akasubiri mwenziwe, na kila sekunde ya kusubiri ilikuwa zawadi kwa Kenny. Alishinda peke yake, mbali kabisa. Azizulhasni Awang wa Malaysia akawa wa pili, Lavreysen, aliyemtoa siku chache tu nyuma, wa tatu.

Kwa mtu wa kompyuta hili ni tamu sana. Kenny hakuongeza wati hata moja. Alisoma kwamba wale watano hawawezi kukubaliana. Ni kama kiuthi, ile bao yetu Wameru: kete ni zilezile, mashimo ni yaleyale, lakini mzee anakumaliza huku akiongea habari za mvua.

Turudi nyumbani, maana ushahidi wa nyumbani ndio unaonishika zaidi. Mwaka 2008 mpiga picha mmoja wa Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua Wakenya wawili, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, akawapeleka Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, ule mlima maarufu wa Tour de France. Nderi alipanda kwa kama dakika 42. Kwa watu ambao hawakulelewa katika mfumo wowote wa mchezo huo, muda huo uliwashangaza waliojua. Mradi ukakua ukawa timu ya Kenyan Riders, kambi ikawa Iten. Nguvu ilipimwa, ikaonekana, hakuna aliyebisha. Hata hivyo mvua ya Wakenya kwenye Tour haikunyesha. Kupanda mlima peke yako dhidi ya saa ni mtihani mmoja. Kukaa katikati ya watu 150, kiwiko kwa kiwiko, ukijua gurudumu lipi la kufuata na lipi la kuachia, ni mtihani mwingine, nao haufundishwi na mlima.

Hata Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kupikwa na David Kinjah kule Kikuyu, alianza kuonekana na wakubwa akiwa na jezi ya Kenya kwenye Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006, katika mbio za kukimbia peke yako dhidi ya saa. Mengine alijifunzia Ulaya.

Linganisha na Eritrea. Wale mashindano yao ya kuzunguka nchi yalianza 1946, na baiskeli kwao ni kama riadha kwetu: watoto wanashindana, wanaanguka, wanashindana tena. Kutoka huko akaja Biniam Girmay. Machi 2022, Gent-Wevelgem, Ubelgiji, wamebaki wanne. Girmay hakungoja mita za mwisho kama ilivyotarajiwa. Alifyatuka mapema, na Christophe Laporte hakuweza kumfikia. Mwaka 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani. Nasema bila kusita: kilichomtofautisha na vijana wetu si mapafu. Ni idadi ya mara ambazo alikuwa amebanwa kwenye kundi kabla hajafika huko.

Hapa ndipo mambo yananihusu. Binamu yangu anauza ndizi, ana miaka 19, anaendesha kweli. Majuzi alinijia na simu mkononi: "Kaka, hebu niangalizie hii." Ilikuwa pedali yenye kipima nguvu, bei yake inamaliza akiba yake yote. Mtandao umemwambia kwamba bila kujua wati zako wewe si kitu. Nilimwambia aiache. Kipima nguvu kitamwambia ana miguu mizuri, jambo ambalo hata mama mboga anamwambia bure. Pesa hiyo ni tairi, ni nauli ya kwenda kushindana Nairobi au Eldoret mara nyingi, ashindwe na watu tofauti kwa njia tofauti.

Na nikipewa dakika mbili na wakubwa wa michezo, wale waliopewa AFCON ya 2027 pamoja na Uganda na Tanzania na sasa wanazungumza viwanja usiku na mchana, ningewaomba kitu kidogo: duara moja la saruji la mita 333, kwenye nyanda za juu, bila paa. Wajapani walianzisha keirini mwaka 1948 huko Kokura, nchi ikiwa bado ina majeraha ya vita, na nyanja zao nyingi hadi leo ni za wazi. Waliziendesha kwa pesa za kamari. (Kamari sisi tunayo tayari, tumekosa uwanja tu.) Halafu kuna zawadi ya mwinuko. Rekodi nyingi za mita 200 ziliwekwa palipoinuka: François Pervis huko Aguascalientes, Mexico, mwaka 2013, Nicholas Paul, kijana wa Trinidad, sekunde 9.100 huko Cochabamba, Bolivia, mwaka 2019. Iten iko kama mita 2,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Tunauza hewa hiyo kwa wakimbiaji wa dunia nzima. Baiskeli ingeitumia vizuri zaidi.

Hadi wakubwa wajibu, tumejipanga wenyewe. Kuna uwanja wa mpira hapa karibu ambao Jumapili jioni hauna mtu. Tumepiga chokaa duara moja. Wawili wawili, mizunguko mitatu, mshindi ni wa mara mbili kati ya tatu, baiskeli yoyote, ndizi zishushwe kwanza. Anayeshindwa ananunua soda. Wiki ya kwanza wote walifyatuka kuanzia filimbi na wakafika mwisho wamekufa. Wiki ya tatu vijana wawili walisimama wakichunguliana mpaka watazamaji wakaanza kuwazomea. Binamu yangu alikuwa mmoja wao.