Duka Dogo la Vitabu Vikuukuu na Utafiti wa Fasihi ya Kiswahili

Katika mijadala ihusuyo vitabu vya Kiswahili, wataalamu wamezoea kutaja asasi tatu: mchapishaji, maktaba na shule. Asasi ya nne, yaani duka dogo la vitabu vikuukuu, aghalabu huachwa nje kana kwamba ni tawi la biashara ya mitumba tu. Makala haya yanadai kwamba duka hilo, liwe chumba kimoja cha uchochoroni au turubai lililotandikwa kibarazani, ni hazina ya utafiti. Idara za Kiswahili zisipolithamini, zitapoteza sehemu ya fasihi ambayo maktaba hazikuihifadhi.

Haiba ya duka la namna hiyo haitokani na unadhifu wake. Vitabu havipangwi kwa mada wala kwa alfabeti. Hupangwa kwa ukubwa, au kwa jinsi vilivyoingia. Orodha ya maktaba humjibu mtu anayejua anachokitafuta, ilhali rundo la vitabu humwonyesha asichokijua. Aliyekwenda kutafuta kitabu cha kidato cha nne huweza kurudi na diwani ambayo hakupata kuisikia. Aidha, muuzaji mwenyewe ndiye orodha: hukumbuka kitabu gani kilipita mikononi mwake, na ni nani aliyekiulizia.

Umuhimu wa jambo hili hubainika mtu anapoitazama historia ya uchapishaji. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa vitabu kama hivi: *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla (1960), *Diwani ya Mnyampala* (1963), *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi (1971) na *Kufa na Kupona* cha Elvis Musiba (1974). Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika hilo nalo lilikwisha. Vitabu vyake kadhaa vilichapishwa upya na kampuni nyingine, vingi havikubahatika. Katika miaka ya 1980, kwa sababu ya uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni, hata kitabu kilichotakiwa na wasomaji kiliweza kukosa toleo la pili.

Hasara ni kubwa zaidi kwa upande wa fasihi pendwa. Riwaya za upelelezi na za mapenzi za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa chapa kwa karatasi duni, zikauzwa mitaani na kusomwa hadi zikachanika. Wahakiki wengi wa wakati huo waliziona kuwa ni fasihi ya kupitisha wakati, na kwa hiyo hazikupewa nafasi kubwa katika rafu za vyuo. Leo wanafunzi wa uzamili wanaandika tasnifu juu ya fasihi hiyohiyo, na mahali pa kuipata ni kwa muuzaji wa vitabu vikuukuu. Waliyoyadharau wasomi, mchuuzi aliyahifadhi.

Hata pale kitabu kinapopatikana katika toleo jipya, toleo la zamani lina neno lake. *Kusadikika* cha Shaaban Robert kilitolewa na Nelson mwaka 1951, na kizazi cha leo kinakifahamu kupitia matoleo ya baadaye. Uhakiki wa matini hauwezi kufanyika bila kuyaweka matoleo sambamba. Vilevile, jina la mwenye kitabu, muhuri wa shule na maelezo ya pambizoni ni ushahidi wa historia ya usomaji, ushahidi usioweza kupatikana katika kitabu kipya.

Suala hili si la Dar es Salaam peke yake. Mkoa wa Tanga ni miongoni mwa vitovu vya uchapishaji wa Kiswahili: gazeti la *Kiongozi* lilianza mjini Tanga mwaka 1904, na misheni ya Magila ilikwisha kuwa na gazeti lake tangu miaka ya 1890. Kampeni za elimu ya watu wazima, kama vile Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliyapeleka maandishi ya Kiswahili hadi vijijini. Sehemu kama Sindeni, katika Wilaya ya Handeni, upande wa kuelekea Korogwe, ndiko yanakostahili kutafutwa mabaki ya hazina hiyo, katika masanduku ya walimu wastaafu. Pasipo mnunuzi, sanduku la namna hiyo huishia kwa mchwa au kwa muuza karanga. Akipita mchuuzi wa vitabu, walau kitabu hupata bei, na chenye bei hakitupwi ovyo.

Yapo mapingamizi ya haki. Baadhi ya vitabu viuzwavyo vikuukuu vina muhuri wa maktaba usiofutwa. Vingine ni nakala zilizochapwa kiharamia, zinazomnyima mwandishi ujira wake. Hoja hizi hazipaswi kupuuzwa. Hata hivyo, dawa yake ni kukagua kila kitabu kabla ya kukinunua na kukirudisha kilichoibwa, wala si kuikimbia biashara yote.

Kikwazo kikubwa zaidi ni cha kiutawala. Taratibu za ununuzi zadai ankara na risiti, naye mchuuzi wa kibarazani hana. Kila idara ingefaa kutengewa fungu dogo la fedha taslimu, lenye daftari la kuandika kitabu, bei, mahali na tarehe kilipopatikana. Wanafunzi wa uzamili nao wafunzwe kazi hiyo kama wanavyofunzwa kukusanya fasihi simulizi, na waanzie wilayani kwao.

Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa katika vibaraza vya barabara za Dar es Salaam. Muuza mashati akihamishwa, mashati hupatikana kwingine. Muuza vitabu akihamishwa, huenda nakala ya mwisho ikapotea pamoja naye. Wahenga walionya kwamba mtu asiache mbachao kwa msala upitao. Fasihi ya Kiswahili haina mbachao mwingi kiasi cha kuweza kuutupa.