Cha Bure Kina Masharti Yake

Wako wenzetu wanaodhani kuwa programu huria ni shamba lisilo na mwenyewe: ingia, vuna, jiendee zako. Mimi napinga katakata!

Hebu tutazame vivinjari vya intaneti. Watu wa mradi wa KDE walitunga KHTML, msimbo wa kuonyesha kurasa za wavuti, wakautoa chini ya leseni ya LGPL. Leseni hiyo yasema: chukua, geuza, hata uza; lakini ukisambaza ulichogeuza, toa na msimbo wa mageuzi yako. Mwaka wa 2003 Apple ikautumia kujenga Safari, nayo haikuweza kuyaficha mageuzi hayo. Hapo ndipo ilipotoka WebKit. Mwaka wa 2008 Google ikajenga Chrome juu ya WebKit, na mwaka wa 2020 Microsoft ikatoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, msimbo huria wa Chrome. Je, lau Apple ingalifungia kila kitu sandukuni, Google ingaliokota nini?

Basi sharti halikuziba njia, liliifungua. Lakini humu shuleni mtu huchukua msimbo huria kwa projekti yake ya Kompyuta, anafuta jina la mtungaji, anaweka lake. Jamani, huo si ujanja, ni wizi! Hata leseni ya MIT, iliyo nyepesi kuliko nyingi, hudai ilani ya hakimiliki iachwe mahali pake.

Wahenga walisema fadhila za punda ni mateke. Tusiwe punda. Tusome leseni kwanza, tuwataje waliotutangulia, ndipo tujenge.