Mzazi Hadaiwi

Mwandishi mmoja aliyesema kwamba mzazi, yaani mama aliyejifungua karibuni, asiye na hamu ya tendo la ndoa amehamishia mapenzi yote kwa mtoto amebisha hodi mlango usio wake. Mwili una hesabu zake. Kondo likishatoka, homoni ya estrojeni hushuka ghafla. Mama akinyonyesha, prolaktini hupanda na kuizuia isirudi upesi. Uke hukauka, hamu hupoa. Ongeza mshono unaouma, usingizi wa vipande vipande na, kwa wengine, sonona.

Sasa mlete mwandishi huyo Heru Juu, kwenye vilima vya Buha. Mama ana kichanga mgongoni na jembe mkononi; jioni anapanda mlima na kuni kichwani. Usiku anadaiwa tena. Deni hilo alikopa lini?

Mume naye ana upweke wake, sikatai. Lakini upweke hautibiwi kwa lawama. Wiki 6 baada ya kujifungua si tarehe ya kulipa. Ni muda wa kuanza kupona. Mume akachote maji, ambebe mtoto, amsindikize mkewe kliniki wakaulize kuhusu maumivu na uzazi wa mpango. Mzazi haendewi na madai. Huendewa na uji.