Mama mjamzito, usinywe usichokijua



Ndugu wasomaji, leo tunaomba mtuvumilie. Maneno haya yatawachoma baadhi yetu, hasa waume na mama wakwe, lakini kunyamaza nako kuna dhambi yake.

Jirani yetu mmoja hapa Muhima alikuwa na mimba ya miezi mitano na alikuwa akipata kizunguzungu. Shoga yake akamletea kopo la unga lenye maandishi ya Kichina. Akamwambia hii ni dawa ya asili, inaongeza damu na kumtuliza mtoto tumboni, ila aache kwanza vidonge vya hospitali maana dawa mbili zitagombana. Mumewe akatoa pesa bila kuuliza. Siku ya kliniki mkunga alimuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, akajibu hapana. Aliona haya. Mwezi uliofuata damu ilikuwa imeshuka hadi mkunga akashtuka. Ndipo aliposema kweli, akarudi kwenye vidonge vyake, na alhamdulillah alijifungua salama. Lakini mpaka leo hakuna anayejua ndani ya kopo lile kulikuwa na nini. Si mama, si mume, wala si yule shoga aliyeliuza.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu. Hatugombani na Wachina wala na tiba yao. Tangu 1982 China inaleta madaktari wake nchini Rwanda, na watu wengi wametibiwa nao Kibungo na baadaye Masaka. Dawa ya malaria tunayoitumia leo ilitokana na mmea wa tiba ya Kichina, na Bi Tu Youyou aliyeifanyia utafiti alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miongozo yake ya 2016 kuhusu wajawazito, liliitaja tangawizi na tiba ya sindano za Kichina miongoni mwa mambo yanayoweza kupunguza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Sindano hizo zimetajwa pia kwa maumivu ya mgongo na nyonga. Kwa hiyo anayesema kila cha Kichina ni uganga, naye amekosea.

Lakini tuulizane: hicho kinachouzwa mlango kwa mlango ni tiba ya Kichina kweli? Tabibu wa Kichina aliyesoma kazi yake humshika mgonjwa mshipa wa mkono, humtazama ulimi, humuuliza usingizi wake na chakula chake, kisha humwandikia dawa yake yeye peke yake. Akirudi na hali imebadilika, dawa nayo hubadilishwa. Tena vitabu vyao vina orodha za kale za mimea ambayo mjamzito hapewi, hasa ile inayosukuma damu, kwa kuogopa mimba kutoka. Basi huyu muuza makopo amemshika nani mshipa? Kopo moja kwa mwenye kisukari, mwenye presha na mwenye mimba! Hiyo ni biashara tu iliyovaa kanzu ya tiba.

Tena tazameni wenyewe Wachina wanavyofanya. Mama wa Kichina hunywa supu yake ya moto, na akishazaa hutulia ndani mwezi mzima kama sisi tunavyokaa arobaini. Lakini kuzaa huzaa hospitalini, karibu wote. Mwaka 2023 vifo vya uzazi China vilikuwa takriban 15 kwa kila vizazi hai 100,000. Hawakufika hapo kwa unga wa kopo.

Wako watakaosema: "Dawa ya asili haina madhara." Sumu ya nyoka je, si ya asili? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, Ubelgiji, wanawake walipewa vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulikuwa umechanganywa na mwingine kwa sababu majina yanafanana. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadhi yao wakapata saratani. Na hao walikuwa Ulaya, mikononi mwa madaktari. Sisi tunayenunua kizani tuna uhakika gani?

Wako pia watakaosema: "Bibi zetu walizaa bila hospitali." Ni kweli, na wengine tuliwazika. Mwaka 2000 hapa Rwanda walikufa mama 1,071 kwa kila vizazi hai 100,000. Katika uchunguzi wa 2019-20 idadi ilishuka hadi 203. Waliosaidia kuishusha ni wakunga, mituweli, washauri wa afya wa midugudu, na mama kukubali kuzalia kituoni. Hata hivyo, uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi ni 47 tu kwa kila mama 100. Enyi waume, pesa ya kopo ipo, nafasi ya kumsindikiza mke kliniki haipo?

Kuna na jambo la halali na haramu. Ejiao, dawa mashuhuri ya Kichina ya kuongeza damu kwa wanawake, hutengenezwa kwa ngozi ya punda. Biashara hiyo iliangamiza punda wengi Afrika, hadi wakuu wa Umoja wa Afrika walipoamua mwezi Februari 2024 kupiga marufuku kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Dawa nyingine za Kichina hulowekwa kwenye pombe. Sisi tunaouliza nyama imechinjwa na nani, mbona hatuulizi kopo lina nini?

Basi tushikane na haya:

1. Mimba ikijulikana, kliniki kwanza. Kupima damu, presha na mkojo hakuna kopo linaloweza kukufanyia.

2. Dawa isiyotaja vilivyomo kwa lugha unayoisoma, usiinywe, hata aliyeileta awe dada yako.

3. Usiache vidonge vya kliniki kwa neno la muuzaji. Vikikuchafua tumbo, mwambie mkunga.

4. Ukitaka sindano za Kichina kwa mgongo au kichefuchefu, mwambie daktari wako, na aliyesomea ndiye akuchome.

5. Ikiwa umeshakunywa kitu, usimfiche mkunga. Beba kopo uende nalo. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko jeneza.

Sisi wa Muhima hatuna udhuru. Hospitali yenye jina la mtaa wetu imejulikana kwa miaka mingi Kigali nzima kwa kuzalisha. Wenzetu wanatoka mbali kuifuata, na sisi tunaopita mlangoni pake tunakwenda kununua unga tusioujua! Mimba ni amana, na amana hailindwi kwa kubahatisha.

Mwenyezi Mungu awajaalie mama zetu uzazi salama na watoto wenye afya. Amin.