DUKA LA SIMU NI LA WOTE

Ndugu wanachama,

Mkutano umeshaamua: tufungue duka kwenye intaneti, tuuze chakula cha ndege wa kufugwa. Wapo waliocheka, eti ndege naye ananunuliwa chakula! Lakini mjini watu wanafuga kasuku na njiwa, na wanachowalisha ni uwele, mtama na alizeti. Mazao yetu haya haya wanayobeba walanguzi kwa bei ya kutupa.

Sisi tunasema mambo matatu.

Kwanza, mali iwe safi. Nafaka yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, nayo inaua ndege. Tupepete, tuanike juu ya turubai, siyo chini. Mteja wa mbali haoni gunia. Akidanganywa mara moja, harudi.

Pili, tunauza chakula, hatuuzi ndege. Kasuku wadogo wa kijani wanaotumalizia mtama huku kanda ya Ziwa ni mali ya porini. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inakataza kuwakamata bila leseni. Vijana wenye mitego, mmesikia?

Tatu, na hili ndilo zito: fedha ziingie kwenye namba ya chama, siyo simu ya mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tumeshaumwa. Kila Jumamosi karani abandike hapa ukutani mauzo yote, mpaka shilingi ya kusafirisha kifurushi kwa basi. Asiyezikuta hesabu hizo, aulize. Kuuliza si ugomvi.

Umoja ni nguvu!