Vijidudu vya Maziwa Visomwe Kabla ya Kuuzwa



Toka Todonyang mpaka Lodwar na Kakuma, maziwa ya kuchacha ni chakula kinachojulikana sana. Waturkana huyaita ngakibuk. Wasomali huyaita ya ngamia suusac. Kinachoyachachusha ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hula sukari ya maziwa na kutoa ukali. Siku hizi vijidudu vya namna hiyo huuzwa katika pakiti na katika mtindi, navyo husifiwa kuwa vyasaidia tumbo. Mimi naona si haki kijidudu kiuzwe kwa sifa tu. Kisomwe kwanza.

Kusomwa maana yake nini? Kila kijidudu kina maandishi ya urithi wake, yenye herufi nne tu zinazorudiwa. Maandishi yote pamoja huitwa jenomu. Wataalamu wana mashine za kuyasoma toka mwanzo hata mwisho. Vijidudu vingi vya maziwa vina herufi kama milioni mbili. Humo hutafutwa mambo matatu. Kwanza, je, jina lake ni la kweli? Pili, kinaweza kutengeneza sumu? Tatu, kina silaha ya kushinda dawa, na silaha hiyo yaweza kuhamia kwa kijidudu kingine?

Hili la tatu latuhusu sana, maana wengi wetu huchoma mifugo sindano ya oksitetrasaiklini. Kijidudu kizuri chenye silaha chaweza kukipa silaha hiyo kijidudu kibaya tumboni. Mtoto akiugua, dawa haifanyi kazi. Hiyo si hadithi. Kijidudu kimoja cha jamii ya Lactobacillus reuteri, kilichopatikana katika maziwa ya mama mmoja wa Peru, kilikuwa kikiuzwa kwa afya ya tumbo. Kilipochunguzwa kilionekana kina vipete viwili vya maandishi vyenye silaha, kimoja cha kushinda tetrasaiklini. Wataalamu waliviondoa, na mwaka 2008 wakatangaza kizazi kipya kisicho navyo.

Na kwetu je? Wataalamu wa Uswisi na wenzao wa Kenya walichunguza suusac ya Kenya na Somalia, wakakuta kwa wingi kijidudu kiitwacho Streptococcus infantarius. Baadhi ya jamaa zake huleta ugonjwa wa moyo. Jenomu ya kimoja cha Kenya, kiitwacho CJ18, ilisomwa, na habari zake zikatolewa mwaka 2012 na 2013. Kilionekana kimezoea kuishi katika maziwa. Hata hivyo wataalamu hawakukipa cheti. Walisema uchunguzi wa usalama uendelee.

Wengine watasema, "Babu zetu walikunywa, mbona wakaishi?" Ni kweli, wala sisemi tuvunje vibuyu. Lakini kibuyu hulisha nyumba moja, na mama mwenye kibuyu hujulikana. Pakiti hulisha maelfu wasiomjua mwenyewe. Anayeuza kwa maelfu ndiye apaswaye kuonyesha ushahidi.

Tena tusidanganyike: kusoma jenomu hakusafishi maziwa. Vijidudu vya homa ya maziwa, yaani brusela, huingia kutoka kwa mnyama mwenyewe. Kwa hiyo chemsha maziwa, yapoe mpaka uvuguvugu, ndipo utie chachu. Wala jenomu peke yake haitoshi. Huonyesha kijidudu kinaweza nini, na majaribio huonyesha kinafanya nini.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ninyi wanunuzi, ulizeni jina kamili la kijidudu pamoja na namba ya ukoo wake. Pakiti isiyosema haya msiiamini. Na Serikali pamoja na vyuo vyetu wasome vijidudu vya ngakibuk ya Turkana. Vilivyo salama viwe chachu yetu wenyewe, ili mama wa Turkana auze maziwa yake sokoni kwa ushahidi, asiuze kwa kuaminiwa tu.